Sumaku inavyosaidia kuondoa rangi za nguo katika majitaka ya viwanda

KIWANDA cha kutia nguo rangi hakiwezi kuificha kazi yake. Maji yanayotoka humo huwa mekundu, ya samawati au meusi kutegemea kitambaa kilichoshughulikiwa siku hiyo, na kwa baadhi ya rangi, hata kiasi kisichofika miligramu moja katika lita nzima ya maji huonekana kwa macho matupu. Kukiondoa kiasi hicho kidogo ni kazi ambayo imewasumbua wahandisi wa majitaka kwa miongo mingi.

Mojawapo ya njia ambazo zimechunguzwa sana tangu miaka ya 1990 ni kutia majini unga unaonasa rangi, unga uliochanganywa na aina ya oksaidi ya chuma iitwayo magnetaiti, kisha kuuvuta kwa sumaku na kuyaacha maji yakiwa safi. Katika maabara jambo hili hupendeza kutazama. Chupa ya maji ya buluu hutikiswa pamoja na unga mweusi, sumaku hushikizwa ubavuni, na baada ya muda mfupi unga wote huwa umejikusanya upande mmoja huku maji yakibaki meupe.

Wengi wanaolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kwamba sumaku ndiyo inayoivuta rangi. Sivyo. Rangi za nguo ni misombo ya kaboni na haziitikii sumaku ya kawaida hata chembe. Kazi ya kuinasa rangi hufanywa na uso wa ule unga; kazi ya sumaku ni kumrejesha mnasaji baada ya kunasa. Tofauti hii yafaa kukumbukwa tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ni shida ipi hasa ambayo sumaku hutatua, na ni zipi ambazo huziacha pale pale zilipokuwa.

Zao la lami

Kwa maelfu ya miaka watu walipata rangi za nguo kutoka kwa mizizi, majani, magome, wadudu na hata konokono wa baharini. Mambo yalibadilika mwaka wa 1856 jijini London, Uingereza, wakati William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alichopata ni masalio meusi ambayo, yalipoyeyushwa katika pombe kali, yalitoa rangi ya zambarau iliyoshika hariri bila kuchujuka. Mwaka uliofuata familia yake ilikuwa tayari imejenga kiwanda huko Greenford.

Rangi nyingine zilifuata kwa kasi, nyingi zikitoka Ujerumani. Mnamo 1876 Heinrich Caro, mwanakemia wa kampuni ya BASF, alitengeneza methilini buluu. Miaka 15 baadaye, mwaka wa 1891, daktari Paul Ehrlich alishiriki kuwatibu wagonjwa wa malaria kwa rangi hiyo hiyo. Perkin alitafuta dawa ya malaria akapata rangi; Ehrlich alichukua rangi akaifanya dawa ya malaria.

Rangi ya pili inayofaa kutajwa hapa ni ile iitwayo nyekundu ya Kongo. Jina lake halihusiani na mmea wala madini ya nchi hiyo. Ilianza kuuzwa na kampuni ya Agfa ya Berlin mwaka wa 1885, majira ambayo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana jijini humo kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 kuamua hatima ya Kongo na maeneo mengine ya Afrika. Neno Kongo lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na wauzaji wakalitumia. Ilisifika kwa kushika pamba moja kwa moja, bila dawa nyingine ya kuigandisha rangi kwenye uzi. Ilitengenezwa kwa benzidini, kemikali ambayo itatajwa tena.

Hatua kubwa ya mwisho ilikuwa mwaka wa 1956, pale kampuni ya ICI ya Uingereza ilipoanza kuuza rangi zinazoungana kikemia na uzi wenyewe wa pamba. Hizi ndizo zinazofanya fulana nyekundu ifuliwe mara nyingi bila kupauka. Hata hivyo si rangi yote inayoingia kwenye birika ambayo huungana na uzi. Sehemu yake hukutana na maji kwanza, ikaungana nayo na kupoteza uwezo wa kushika kitambaa. Kutegemea aina ya rangi na ustadi wa kiwanda, sehemu ya kumi hadi theluthi moja au zaidi huishia kwenye mtaro.

Kupotea kwa rangi si kupotea kwa sumu

Orodha ya kimataifa ya rangi za viwandani ina aina zaidi ya 10,000, na zaidi ya nusu ya rangi zinazotumiwa ni za jamii ya azo, yaani zile ambazo kiini chake ni atomi mbili za nitrojeni zilizoshikana. Nyekundu ya Kongo ni mojawapo. Rangi hizi hutengenezwa zistahimili jua, jasho, sabuni na pasi. Sifa hizo hizo ambazo mnunuzi anazilipia dukani ndizo zinazozifanya ziwe sugu mtoni. Bakteria wa mabwawa ya kawaida ya kusafisha majitaka, ambao hula kinyesi na mabaki ya chakula bila taabu, huziacha rangi nyingi zipite.

Madhara ya kwanza mtoni ni kuzuia mwanga. Mimea ya majini inayotegemea jua hupungua, na pamoja nayo hupungua oksijeni na chakula cha samaki. Madhara ya pili hayaonekani. Rangi ya azo inapozama kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria wa huko huweza kuzikata zile nitrojeni mbili. Rangi hupotea, na mtazamaji hudhani mto umepona. Kumbe baadhi ya rangi zinapokatwa hutoa amini zenye madhara makubwa kuliko rangi yenyewe. Nyekundu ya Kongo ikikatwa hutoa benzidini.

Hatari ya kemikali za jamii hiyo ilianza kuonekana viwandani. Mwaka wa 1895 Ludwig Rehn, daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ujerumani, aliripoti uvimbe wa kibofu cha mkojo miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi ya fuksini. Uchunguzi wa miaka mingi baadaye uliielekeza lawama kwa benzidini na amini nyingine zilizotumiwa katika viwanda vya namna hiyo, na leo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani huiweka benzidini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ujerumani ilipiga marufuku mwaka wa 1994 rangi za azo zinazoweza kutoa amini za aina hiyo katika nguo, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka wa 2002.

Haki inahitaji kusemwa pia kwamba si kila rangi ya azo hutoa amini hatari, na kwamba rangi nyingi zinazouzwa leo si sumu kali kwa mtu anayezivaa. Hata hivyo, ni vigumu kwa mkulima aliye upande wa chini wa mto kujua ni ipi iliyopita shambani mwake.

Kuna njia za kuzitibu. Shabu ikitiwa majini huigandisha rangi isiyoyeyuka vizuri, lakini huzishindwa nyingi zile zinazoyeyuka, na huacha marundo ya tope. Klorini na ozoni huivunja rangi, ila swali la vipande vinavyobaki ni lile lile la mto uliodhaniwa umepona. Kwa hiyo wengi huipendelea njia ya kuitoa rangi nzima nzima kutoka majini kabla haijavunjika.

Masizi kwenye sufuria

Sifongo hunyonya maji yakaingia ndani yake. Masizi nayo hushika sufuria kwa nje tu, juu ya uso. Kunaswa kwa rangi kunakozungumziwa hapa ni kwa namna ya masizi: chembe ya rangi inayoelea majini hugusa uso wa kitu kigumu na kubaki hapo. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kitu chenye uso mpana kupita kiasi. Mkaa amilifu, yaani mkaa uliotobolewa vijitundu visivyohesabika kwa joto kali na mvuke au kemikali, una uso wa takriban mita 1,000 za mraba katika gramu moja. Haishangazi kwamba ndio uliokuwa kigezo cha kazi hii kwa muda mrefu.

Mkaa wa punje kubwa hupangwa katika mnara na maji yakapitishwa kati yake, lakini rangi huchukua muda mrefu kupenya hadi kiini cha punje. Mkaa uliosagwa hunasa upesi zaidi, kisha shida inageuka: namna ya kuutoa majini. Huchelewa kutuama, huziba vichujio, na usipotolewa wote huondoka na rangi ile ile ulionasa.

Kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo shida inavyozidi. Chukua chembe ya magnetaiti yenye upana wa nanomita 12, yaani chembe ambazo maelfu yake yangeweza kupangwa sambamba juu ya unene wa unywele mmoja. Kwa hesabu, gramu moja ya chembe hizo ina uso wa karibu mita 96 za mraba, zaidi ya nusu ya uwanja wa voliboli. Lakini kwa hesabu hiyo hiyo ya uzito na ukinzani wa maji, chembe moja ingezama milimita 0.03 tu kwa siku nzima, na kwa kweli haizami kabisa kwa kuwa msukosuko wa maji huirusha huku na huko bila kukoma. Uchujaji hauifai, na mtuamo hauiwezi. Hapo ndipo sumaku inapoingia.

Magnetaiti ni chuma na oksijeni. Njia maarufu ya kuitengeneza katika maabara ilielezwa mwaka wa 1981 na René Massart, mwanakemia wa Ufaransa. Huchukuliwa chumvi mbili za chuma, ile yenye chaji tatu na ile yenye chaji mbili, kwa kipimo cha mbili kwa moja. Huyeyushwa majini, kisha humiminiwa amonia. Mchanganyiko uliokuwa wa rangi ya chai hugeuka mweusi ti papo hapo. Hewa huzuiwa kwa gesi ya nitrojeni, kwani oksijeni ikiingia huharibu kipimo hicho. Viungo si ghali na havihitaji tanuri.

Chembe hizi zina tabia moja ya ajabu ambayo ndiyo inayozifanya zifae. Kipande cha chuma kikisuguliwa na sumaku huweza kubaki sumaku. Magnetaiti iliyo ndogo kuliko takriban nanomita 20 haibaki hivyo. Sumaku ikiwa karibu, chembe zote hugeuka sumaku na kuvutwa. Sumaku ikiondolewa, husahau mara moja na kutawanyika tena majini. Lau si hivyo zingeshikana mabonge tangu siku ya kwanza na ule uso mpana ungepotea.

Lakini mvuto wa sumaku juu ya chembe hutegemea ukubwa wa chembe. Ikiwa ndogo sana, msukosuko wa maji huushinda. Suluhisho la viwandani ni la zamani: maji hupitishwa katika pamba ya nyuzi za chuma iliyowekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, na kila uzi huwa mtego. Katika jimbo la Georgia, Marekani, viwanda vya udongo mweupe wa kaolini vilitumia mitambo ya namna hiyo tangu miaka ya 1970 kutoa chembe za madini zilizouchafua udongo. Mwaka wa 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walitangaza katika jarida la Science kwamba chembe za magnetaiti za nanomita 12, zikiwa zimenasa aseniki ya maji, ziliweza kuvutwa hata kwa sumaku dhaifu kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu chembe hizo hazikuvutwa moja moja bali zilisaidiana. Aseniki si rangi, ila matokeo hayo yaliwapa moyo watafiti wengi wa rangi.

Mvutano wa chaji

Magnetaiti tupu haina uso mkubwa kama mkaa, na haipendi kila rangi. Uso wake hubadilika chaji kufuatana na ukali wa maji. Katika maji yenye asidi huwa na chaji chanya; katika maji yenye magadi huwa na chaji hasi; mpaka uko karibu na pH 7. Methilini buluu, ambayo ina chaji chanya, hunaswa vizuri zaidi maji yakiwa upande wa magadi. Nyekundu ya Kongo, yenye chaji hasi, hutaka upande wa asidi. Asidi ikizidi, magnetaiti yenyewe huanza kuyeyuka na chuma kuingia majini. Isitoshe, ikiachwa hewani muda mrefu magnetaiti hugeuka kahawia polepole, ingawa umbile linalotokea bado huvutwa na sumaku.

Ndiyo maana chembe hizi mara nyingi huvishwa ganda. Silika huzikinga dhidi ya asidi. Asidi za mboji huzipa chaji hasi. Kaitosani, dutu inayopatikana kutokana na maganda ya kamba na kaa, huzipa makundi ya amini yanayonasa rangi zenye chaji hasi, zikiwemo zile rangi za pamba za mwaka wa 1956. Wengine hufanya kinyume: badala ya kuivisha magnetaiti, huchukua kitu chenye uso mzuri wa kunasa na kukipaka magnetaiti ili kipate kuvutwa.

Njia hii ya pili ndiyo yenye mvuto zaidi kwa nchi za wakulima. Ivo Safarik na wenzake wa Jamhuri ya Cheki waliandika mwaka wa 1997 kuhusu mkaa uliotiwa sumaku kwa ajili ya kunasa rangi zinazoyeyuka majini. Baadaye kundi hilo liliyajaribu maganda ya njugu na masimbi ya kahawa iliyokwisha kutengenezwa, na yote yakanasa rangi na kuitikia sumaku. Watafiti kwingineko wamejaribu pumba, machujo ya miwa, vumbi la mbao na magugumaji, mmea ambao wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa wingi wake.

Kila kinasarangi cha aina hii hulipa gharama fulani. Magnetaiti ni nzito. Ikiwa theluthi moja ya uzito wa unga ni chuma, theluthi hiyo hainasi rangi nyingi. Chuma kikipunguzwa, sumaku hulegea. Kikizidishwa, unga hunasa kidogo. Kila mtengenezaji huchagua mahali pa kusimama kati ya hayo mawili.

Asilimia 99 za nini?

Makala za kitaalamu kuhusu jambo hili sasa ni maelfu, na nyingi hutaja asilimia 95, 98 au 99 ya rangi kuondolewa. Tarakimu hizo huenda ni za kweli zote na bado zisimwambie msomaji anachotaka kujua. Asilimia pekee haina maana bila kujua rangi ilikuwa kiasi gani na unga uliotumika ulikuwa kiasi gani. Unga ukiongezwa vya kutosha, karibu kila kitu hunasa asilimia 99.

Hesabu ifuatayo yaweza kusaidia. Tuseme mtafiti ana chupa ya mililita 50 za maji yenye miligramu 100 za rangi kwa lita, naye anatia gramu 0.1 ya unga. Rangi yote ikinaswa, kila gramu ya unga imebeba miligramu 50. Ni matokeo ya kuridhisha. Sasa kiwanda cha wastani kinatoa mita 100 za ujazo za maji ya kiwango hicho kwa siku. Rangi iliyomo ni kilo 10, na unga unaohitajika kwa kipimo kile kile ni kilo 200. Kila siku. Ikiwa unga huo hutumika mara moja na kutupwa, kiwanda kimebadilisha kilo 10 za rangi majini na kuwa kilo 200 za taka ngumu, na pengine taka hizo zikatupwa mahali mvua itakapoziosha.

Kwa hiyo swali muhimu kuliko asilimia ni hili: unga huoshwa na kurudiwa mara ngapi? Rangi yenye chaji hasi huweza kuachiliwa kwa maji ya kostiki soda. Ile yenye chaji chanya kwa asidi hafifu au alkoholi. Sumaku hurahisisha kazi hiyo sana kwani unga hauhitaji kuchujwa kila mara, na huu, kwa kweli, ndio ubora wake mkubwa. Lakini kila mosho huacha nyuma rangi kidogo iliyokataa kutoka, na asidi hula chuma. Kisha kuna yale maji machache ya kuoshea, ambayo sasa yana rangi nzito kuliko majitaka ya awali. Lazima yachomwe, yakaushwe au yavunjwevunjwe kwa kemikali. Baadhi ya watafiti hutumia haidrojeni peroksidi, ambayo ikikutana na chuma cha magnetaiti huzalisha chembechembe kali zinazoivunja rangi papo hapo juu ya uso wa unga.

Maji ya maabara pia si maji ya kiwanda. Katika chupa kuna rangi moja na maji safi. Mtaroni kuna rangi nne au tano, sabuni, wanga, mafuta ya uzi na, kwa pamba, chumvi nyingi ajabu. Kutia rangi iliyokoza kwenye pamba huweza kuhitaji kati ya gramu 50 na 100 za chumvi katika kila lita ya birika, pamoja na magadi yanayoipandisha pH hadi 11 hivi. Palipo na sodiamu nyingi namna hiyo, methilini buluu na rangi nyingine zenye chaji chanya hulazimika kupigania nafasi juu ya unga, na kinasarangi kilichong'ara maabarani huweza kushindwa vibaya.

Chumvi yenyewe sumaku haiigusi. Uzito wa jambo hili ulionekana wazi mjini Tirupur, katika jimbo la Tamil Nadu, India, kitovu cha fulana na nguo za kufuma zinazouzwa nje. Majitaka ya viwanda vya rangi yaliingia mto Noyyal kwa miaka mingi na kukusanyika katika bwawa la Orathupalayam, lililojengwa kwa ajili ya kunyunyizia mashamba. Maji yakawa na chumvi kiasi cha kuyaharibu mashamba yale yale yaliyokusudiwa kustawishwa, na wakulima wakaenda mahakamani. Mnamo Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya rangi na vya kung'arisha nguo vifungwe hadi visiweze kutoa hata tone la majitaka. Mamia ya viwanda vilifungwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudi makwao. Vilivyofunguliwa tena vilihitaji mitambo ya kuchuja kwa utando na shinikizo kali na ya kuchemsha maji hadi chumvi ibaki, kisha chumvi hiyo ikarudishwa kwenye birika la rangi. Ni mfumo ghali unaokula umeme mwingi. Unga wa sumaku ungeweza kuipunguza rangi kabla maji hayajafika kwenye utando, lakini kilio cha wakulima wa Noyyal kilikuwa cha chumvi.

Ushahidi kutoka Australia

Je, njia hii imewahi kutoka chupani na kwenda kwenye mtambo mkubwa? Kwa rangi za nguo, mifano ni michache na mingi ni ya majaribio. Kwa maji ya kunywa, ndiyo. Wanasayansi wa shirika la utafiti la Australia, CSIRO, walibuni mbinu iitwayo Sirofloc iliyotumia magnetaiti ya kawaida, yenye upana wa maelfu ya nanomita, kuondoa rangi ya kahawia inayotokana na majani yaliyooza. Mbinu hiyo ilitumika katika miaka ya 1980 kwenye kituo cha maji cha Mirrabooka, Perth. Magnetaiti ilinasa rangi kwenye maji yenye asidi kidogo, ikashikanishwa kwa sumaku ili ituame upesi, ikaoshwa kwa kostiki soda na kurudishwa kazini.

Baadaye ilikuja resini ya MIEX, iliyobuniwa huko huko Australia na kuanza kazi katika kituo cha Mount Pleasant, Australia Kusini, mwaka wa 2001. Punje zake zina upana wa takriban nanomita 180,000 na zina oksaidi ya chuma ndani. Kwa kuwa kila punje ni sumaku dhaifu, hushikana zenyewe na kuzama bila kuhitaji sumaku nyingine, kisha huoshwa kwa maji ya chumvi. La kuzingatia ni kwamba waliofanikiwa kibiashara hawakutumia chembe ndogo kabisa. Walichagua kubwa, wakapoteza sehemu ya uso wa kunasa, wakapata kitu kisichopotea mtoni.

Na hilo ndilo swali ambalo watetezi wa chembe za nanomita hulazimika kulijibu: hata asilimia moja ya unga ikiponyoka kila siku, katika ule mfano wa kilo 200 ni kilo mbili zilizobeba rangi kwenda mtoni.

Kipimo cha Kenya

Kenya ina sababu ya kulifuatilia jambo hili. Kiwanda cha Rivatex mjini Eldoret, kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, kilizinduliwa upya kikiwa na mitambo ya kisasa Juni 2019, na chuo hicho kina kituo cha utafiti kinachoshughulikia nguo, kemikali za mimea na kawi. Viwanda vya nguo za kuuzwa nje viko Athi River. Kuna pia wanaotia rangi katani ya vyondo na vitambaa vya batiki nyumbani kwa sufuria, ambao maji yao huishia uani bila kuhesabiwa na yeyote.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, ziliweka kikomo cha vizio 15 vya Hazen kwa rangi ya maji yanayoachiliwa katika mazingira. Kikomo hicho ni kikali, lakini kipimo chenyewe kina kasoro kwa viwanda vya nguo. Kilibuniwa na Mmarekani Allen Hazen mwaka wa 1892 ili kupima umanjano wa maji ya mito na vinamasi, kwa kuyalinganisha na mchanganyiko wa platini na kobalti. Maji ya samawati au ya waridi hayana mahali pazuri katika ngazi hiyo ya manjano. Kwa majitaka ya rangi, maabara nyingi za Ulaya hupima kiasi cha mwanga kinachomezwa na maji katika sehemu tatu, nanomita 436, 525 na 620, ili kila rangi inayopita ikamatwe na angalau kipimo kimoja.

Mahali panapofaa zaidi kwa unga wa sumaku, kwa ushahidi uliopo, ni mwishoni mwa mtambo. Bakteria hutangulia kula wanga na sabuni, tope hutuamishwa, kisha unga hunasa rangi kidogo iliyobaki, ambapo kilo 200 za mfano huweza kushuka hadi 20 au 30. Hata hapo, mwenye kiwanda anayeletewa unga wa aina hii anayo haki ya kuuliza idadi ya mara unavyoweza kuoshwa katika majitaka yake mwenyewe, kiasi cha chuma kinachobaki majini, na mahali yatakapopelekwa maji ya kuoshea.